Lebo Moja Ilibaki

Jua lilikuwa linazama Dada Mkubwa alipofungua chumba cha ndege waliokaushwa, pale makumbusho. Alimwambia mlinzi kwamba amesahau mwavuli. Mwavuli gani! Kilichomleta ni wivu, na wivu hauna macho.

Kesho bosi angepanga kunguru kumi mezani, na atakayewatambua wote bila kutazama lebo ndiye mkuu wa chumba. Dada ana miaka kumi na tisa kazini. Mdogo wake, aliyemwombea kazi yeye mwenyewe, ana miwili tu. Lakini hufumba macho, akapapasa mdomo na shingo: "Huyu kisogo cheupe. Huyu shingo ya kijivu." Hakosei! Kila akisifiwa, dada mtu huchomeka moyo.

"Mtoto nimembeba mgongoni," alinong'ona, "leo anikalie kichwani? Thubutu!"

Lebo hufungwa mguuni kwa uzi. Sheria ya chumba ni kufungua moja, kuirudisha, ndipo ufungue nyingine. Yeye, kwa pupa, alizifungua zote kwa mpigo. Akaanza kuzibadilisha. Wa kifua cheupe akapewa ya mweusi tititi...

Harufu ya dawa ya nondo ikapotea. Ikaja ya manyoya mabichi.

Ndege kumi wakawa na lebo zao.

Moja ikabaki mkononi.

Akaisogeza dirishani. Mwandiko ulikuwa wake mwenyewe: *Jike. Amekomaa. Chumba cha ndege. Leo.*

Nyuma ya kabati... kraa.

"Nani?"

Uzi ukamkaza kifundo cha mguu.

Asubuhi mezani walikuwa kumi na mmoja. Lebo za wale kumi zilikuwa miguuni pa wenyewe. Nani alizirudisha, hakuna ajuaye. Mlinzi aliapa kwamba hakumwona Dada akitoka.

Mdogo mtu alifumba macho. Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Dada alimtazama kutoka chini, mdogo wake akiwa mkubwa kama nyumba. Kidole kikamfikia shingoni. *Ni mimi, mdogo wangu!* Koo lilikuwa limejaa pamba.

Kidole kikapanda mdomoni, kikarudi shingoni.

"Huyu simjui, bosi. Hafanani na kunguru yeyote."

"Basi mfungie kabatini," bosi akasema. "Kumi wanatosha. Hongera, mkuu!"

Droo ikasukumwa. Humo gizani, kilichomuuma Dada kuliko vyote ni yale makofi.