Sarafu Iliyooshwa

Kila Alhamisi baada ya masomo, Wiebke alinunua mkate wa mdalasini, akaula njiani hadi maktaba ya mji wa Stade. Huko kilikutana chama cha wakusanyaji wa sarafu, naye alikuwa mwanachama. Safari hii waliandaa maonyesho ya sarafu za mwaka 1923, wakati pesa za Ujerumani zilipokuwa zikipoteza thamani kila kukicha.

Bibi Dittmer, mwenyekiti wao, alimkabidhi Wiebke sarafu ya alumini ya marki mia tano, nyepesi kama ganda la kitunguu.

"Mama yangu alilipwa hii kwa kuchuma tufaha," alisema. "Alipofika dukani, haikununua hata yai. Nenda nayo nyumbani ukaiandikie maelezo. Itunze, mjukuu wangu."

Nyumbani, Wiebke aliiona imefifia. Akataka ing'ae siku ya maonyesho, hivyo akaitia katika mashine ya kuoshea vyombo, pamoja na vijiko. Ilitoka nyeusi kama sufuria iliyoungua.

"Umeipika?" kaka yake Jorrit alicheka. Alipoona machozi, akapunguza sauti. "Kanunue nyingine sokoni. Zinafanana kama mayai. Bibi mwenyewe haoni vizuri, atajuaje?"

Jumamosi Wiebke aliipata nyingine kwa euro moja tu. Ilifanana kabisa na ile ya kwanza kabla haijaoshwa. Lakini moyo wake haukutulia.

Alhamisi alimpa Bibi Dittmer sarafu ya sokoni. Bibi hakuitazama. Aliifumbata kiganjani, akafumba macho kidogo, kama mtu aliyeshikwa mkono na mzazi wake.

Wiebke alishindwa kuvumilia. "Bibi, hiyo siyo ya mama yako," alisema, akitoa ile nyeusi mfukoni. "Yake ni hii. Niliiosha kwa mashine ikaharibika. Nisamehe."

Bibi Dittmer aliipokea, akaigeuzageuza. Wiebke akadhani hatakiwi tena chamani, akaanza kukusanya daftari zake.

"Unakwenda wapi?" Bibi aliuliza. "Kaa. Maelezo yako hayajakamilika."

"Niandike nini sasa?"

"Yaliyotokea. Wakusanyaji wote wa hapa waliwahi kuosha sarafu mara moja. Hawaoshi mara ya pili."

Siku ya maonyesho, sarafu zote mbili zililazwa ndani ya kabati la kioo, ile ya sokoni na ile nyeusi, pamoja na maelezo ya Wiebke. Wageni walisimama zaidi mbele ya ile nyeusi. Hata Jorrit alisoma hadi mwisho.

Bibi Dittmer alimshika Wiebke bega. "Hii iliandikwa mia tano, na watu hawakuiamini," alisema. "Maandishi peke yake hayaipi sarafu thamani, na neno la mtu ni vivyo hivyo. Lako, mjukuu wangu, bado linanunua. Alhamisi ijayo nitakupa sarafu ya baba yangu ukaiandikie."

"Sitaiosha, Bibi."

"Najua."