Gogo la Marehemu Elija

Mimi ni Isaka, mwana wa Natanieli, mwana wa Apiak, wote manahodha wa kuwinda nyangumi. Hapa Kuvrak jina letu halikuwahi kutajwa kwa aibu. Inspekta Bertha ni mjukuu wangu.

Mpimaji Lyle Hansen alikutwa amelala kifudifudi kwenye kisiwa chembamba cha mchanga kinachokikinga kijiji chetu na bahari ya Aktiki. Barafu ilikuwa imegandisha ndevu zake. Kisogoni palikuwa na jeraha la kitu butu. Kila mwaka alipima umbali kutoka kwenye vigingi vyake hadi ukingo wa maji, kisha akachora jinsi pwani ilivyoliwa.

Rubani Kessler, aliyempeleka na kugombana naye, alikuwa tayari mahabusu.

Bertha alikagua kisiwa kimyakimya. Vigingi vya chuma vilikuwa vimeng'olewa na kupigiliwa upya mbali na maji, ili bahari ionekane haijasogea. Alama moja tu haikuguswa: ile ambayo Hansen, kwa ugeni wake, aliigongomea kwenye gogo lililoletwa na bahari, likaokotwa na kusimamishwa wima na marehemu Elija. Mawimbi yalikuwa yakililamba.

"Kessler angeling'oa bila kufikiri," alimwambia konstebo. "Kwetu gogo lililosimamishwa lina mwenyewe, hata akifa."

Mtu wa kwetu aliyevuka kwenda kisiwani siku ile alikuwa mmoja: Amosi, mpwa wangu. Bertha akamfuata nyumbani kwake.

"Karibu, Inspekta. Umekuja kula ngozi ya nyangumi au umenifuata mimi?"

"Ngozi baadaye, Mjomba. Nyundo yako iko wapi?"

"Baharini."

"Vigingi ulivihamisha wewe?"

"Mimi."

"Na gogo la Elija?"

"La Elija? Mwanangu, mimi si mwizi!"

Amosi aliitazama chai yake ikipoa.

"Na Hansen?"

"Alinikuta. Akasema atatoa taarifa. Kwa ramani ile serikali ingekihamisha kijiji chote, Bertha. Mama yangu kazikwa pale kando ya maji. Nani angebaki naye?"

"Ukampiga."

"Nikampiga."

Bertha alimfunga pingu. Hakulia. Mimi pia sikulia. Kessler aliachiwa, akaondoka bila kumuaga mtu.

Vijana, nisikilizeni. Mpwa wangu aliheshimu gogo la mfu, akamuua mtu aliye hai. Mila si nyama ya nyangumi, kila mmoja ajikatie kipande akipendacho. Ishikeni yote, au msijiite watoto wa Apiak.