Mkono Uliofichwa Ndani ya Kanzu

Kila alfajiri, baada ya kuswali, Ausi alichukua fimbo yake akateremka pwani, nyuma ya nyumba za mtaa wa Dunda. Ukungu ulikuwa bado umelala juu ya maji, na mchanga ulikuwa baridi chini ya nyayo. Huko Fundi Sadallah aliwafundisha vijana kirumbizi, mchezo wa kupigana fimbo kwa kufuata ngoma. Ausi, aliyekuwa na miaka kumi na mitatu, alikuwa mwepesi kuliko wenzake wote. Akicheza alijiona kama anaelea. Ngoma ilisikika kana kwamba inatoka ndani ya bahari, na miguu ilijiendea yenyewe.

Baba yake alikuwa amekwenda bara na msafara, wala hapakuwa na habari zake. Basi Ausi alimpenda Fundi kama mzazi. Fundi akimwambia "vyema", siku nzima ilikuwa tamu. Lakini Fundi alikuwa na masharti yake: mchezaji halalamiki maumivu, na ya uwanjani hayasemwi nyumbani.

Idi ilipokaribia, walikuwa wakijiandaa kushindana na vijana wa kijiji cha Mlingotini. Asubuhi moja fimbo ya mwenzake Dadi iliteleza ikampiga Ausi kwenye kifundo cha mkono wa kulia. Mkono ukavimba. Fundi aliutazama, akamwambia aokote fimbo. Kama hawezi, nafasi yake atapewa Dadi. Ausi akaiokota.

Tangu hapo akawa anauficha mkono ndani ya kanzu. Akilala aliota anacheza mbele ya mji mzima, fimbo nyepesi kama unyoya. Akiamka, vidole havikunjiki.

Bibi yake, Mwanahija, alimwona akila kwa mkono wa kushoto. Hakumgombeza. Alisogea karibu, akamwuliza taratibu, akangoja.

"Bibi, nikikwambia, Fundi hatanitaka tena," Ausi alisema, machozi yakimlengalenga.

Kisha akamweleza yote. Bibi aliufunga ule mkono kwa kitambaa, na kulipokucha wakaenda pwani pamoja. Fundi alimwamkia shikamoo kwa adabu. Bibi aliitikia marahaba, akamwonyesha mkono wa mjukuu wake.

"Sadallah, mwanangu, mtoto huyu ameogopa kukupoteza wewe kuliko kuupoteza mkono wake. Ndivyo ulivyotaka?"

Fundi alitazama kidole chake mwenyewe, ambacho tangu ujana hakinyooki. Alisema kwamba kilipoumia, mwalimu wake naye alimwambia aokote fimbo, akaiokota, akadhani huo ndio uanaume. Akachutama mbele ya Ausi.

"Nimekukosea. Ilinipasa nikupumzishe siku ile ile. Ukipona, nafasi yako ipo."

Siku ya Idi Ausi hakucheza. Dadi alicheza, akashindwa. Watu walitazamia Fundi amfokee, lakini alimshika bega, akamwuliza kama ameumia. Na kuanzia siku hiyo wazazi walitandikiwa mkeka uwanjani, watazame mazoezi wapendapo.

Mkono ulichukua muda kupona. Ausi alipotaka kurudi mazoezini, Bibi alimkalisha kizingitini.

"Mtii Fundi wako, na ujitahidi," alimwambia. "Mwalimu mwema hutaka ushinde, lakini hutaka zaidi uwe mzima. Mtu yeyote akikuambia ufiche maumivu yako, hata kama unampenda sana, njoo uniambie. Kusema si kumsaliti."

Ausi aliitikia, akambusu mkono, akaenda.