Tundu la Chini la Soketi

Orval alikuwa anakunywa kahawa aliposikia harufu ya plastiki inayoungua. Akapapasa ukuta wa jikoni mpaka akaifikia soketi ya mashine ya kahawa. Ilikuwa ya moto.

"Hii imekwisha," alimwambia mkewe, Marlys. "Leo naibadilisha."

"Tuite fundi, Orval. Huoni."

"Sioni, lakini mikono ninayo."

Tusifichane, mzee huyu alikuwa mbishi. Upofu ulimkuta ukubwani, na kazi za nyumba hakuziacha. Alikuwa na njia yake, na vipofu wengine pale jimboni Minnesota waliitumia pia. Alichomeka redio kwenye soketi, iliyokuwa na matundu mawili, moja juu ya jingine, akaiongeza sauti. Kisha akashuka chumba cha chini ya nyumba kwenye kisanduku cha umeme, akawa anazima swichi moja baada ya nyingine. Redio ikinyamaza, basi umeme umekatika.

Redio ikanyamaza. Orval akapanda, akafungua skrubu, akashika waya.

Umeme ukamtupa sakafuni.

Hakufa. Lakini vidole viwili vya mkono wa kulia viliungua, na vilipopona havikuwa na hisia tena. Vidole hivyo ndivyo alivyokuwa akisomea maandishi ya nukta ya vipofu. Alipapasa ukurasa wa kitabu chake, ukawa mtupu kama meza. Akalia, wala hakujificha.

Marlys akakusanya bisibisi, koleo na nyaya, akavificha vyote.

"Juzi tu nimemzika kaka yangu," alisema. "Wewe sikuziki kwa sababu ya soketi. Hugusi tena."

Theluji ikafunika madirisha. Orval akawa anashinda kitini. Nusu ya nyumba ile aliijenga kwa mikono yake, na sasa alisubiri kuletewa soksi. Alijiona mzigo. Moyoni aliona kwamba kukaa vile ni kufa polepole.

Ndipo akaja Ione na bakuli la nyama na viazi vya kuoka. Ione walisali naye kanisa moja. Yeye pia haoni, na umeme wa nyumbani kwake hutengeneza mwenyewe.

"Redio uliichomeka tundu gani?" aliuliza.

"La juu."

"Na la chini?"

"Hilo sikulijaribu."

"Nilijua," Ione alisema. "Jikoni kwenye nyumba za zamani, tundu la juu linaweza kuwa na waya wake, na la chini wake. Kila moja na swichi yake. Ulizima moja, nyingine ikabaki inakungoja."

"Miaka yote hiyo nilikuwa sijui."

"Bahati tu ilikubeba, mzee. Tena redio yenyewe inaweza kuharibika ikanyamaza. Kimya si ushahidi."

Akamwekea mkononi mita ya umeme inayosema kwa sauti.

"Kwanza pima soketi unayojua ina umeme, uhakikishe mita ni nzima. Kisha pima tundu la juu, na la chini. Halafu rudi kwenye ile yenye umeme, upime tena, isije ikawa mita imekufa katikati. Ukishafungua soketi, pima nyaya zenyewe kabla hujazigusa."

"Na akiwa na shaka?" Marlys aliuliza toka mlangoni.

"Anaacha, anaita fundi. Hata mimi huacha."

Marlys akaenda kuleta vifaa alivyovificha.

Orval alizima swichi ileile ya siku ile. Akapima soketi ya sebuleni. "Volti mia moja na ishirini," mita ikasema. Tundu la juu la jikoni: "Sifuri." La chini: "Mia moja na ishirini."

Marlys akakaa sakafuni, akajifunika uso.

"Ndilo hilo lililotaka kukuua," alisema.

Orval akashuka, akaitafuta swichi ya pili, akaizima. Juu ya swichi zote mbili akadondosha tone la gundi, likauka likawa kinundu cha kupapasa. Akapima upya, mwanzo hadi mwisho. Safari hii kwa matundu yote mawili mita ilisema sifuri. Akafungua, akapima nyaya, ndipo akafanya kazi. Vidole vile viwili vilimwangushia skrubu kila mara. Akaziokota kwa mkono wa kushoto.

Jioni mashine ya kahawa ikakoroma, na soketi ilikuwa baridi. Marlys akammiminia kikombe.

"Taa ya ukumbini inazimazima," alisema baadaye. "Utaitazama lini?"

Orval akainamia kikombe.

"Kesho," alisema. "Utanishikia ngazi?"

"Nitashika."