Tairi Chini ya Mizigo

Kila asubuhi Anujin alikuwa na kazi mbili: kumwaga majivu ya jiko na kuvuta toroli la maji kutoka kibanda cha kuuzia maji, chini ya mlima, mpaka hemani kwao. Siku hiyo kazi zilikuwa tatu. Sikukuu ya Mwezi Mweupe, mwaka mpya wa Wamongolia, ilikaribia, na baba yake, Purev, alikuwa akiandaa gari lao dogo kwa safari ya siku mbili kwenda mkoa wa Uvs. Bibi Dulmaa, mama yake Purev, alitaka kumwamkia kaka yake mkubwa, ambaye afya yake ilikuwa imezorota tangu vuli. Kila mtu hemani alijua kwamba huenda ikawa mara ya mwisho, ila hakuna aliyelitamka hilo.

"Anujin, lipeleke tairi la spea kwa Fundi Jambal, linavuja upepo kidogo," baba alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Libebe kwenye toroli. Usiliviringishe."

"Sawa, baba."

Sawa hiyo iliishia kwenye kona ya kwanza. Tuguldur, mwanafunzi mwenzake, alikuwa amesimama juu ya mteremko wa barafu na tairi kuukuu.

"Hilo lako linakimbia, au linajikokota kama bibi yako?" akamchokoza.

Nani amtukanie bibi? Anujin akaliteremsha tairi, wakayaachia yote mawili kwa pamoja. La Anujin lilishinda, kisha likaenda kujipigiza kwenye nguzo ya chuma. Rimu ikapinda, upepo wote ukatoka.

"Mama ananiita," Tuguldur akasema, akatoweka. Lo, rafiki gani huyo!

Anujin aliogopa kwenda kwa fundi, maana fundi angemwambia baba. Akalirudisha tairi nyumbani, akalifuta theluji, akalilaza mahali pake ndani ya buti na kulifunika kwa zulia.

"Tayari?" baba akauliza.

"Tayari."

"Vizuri, mwanangu. Nakutegemea."

Purev alibadilisha oili, akatia maji yasiyoganda kwenye rejeta, akafunika injini kwa blanketi la sufu. Kisha akapakia: koleo, nyaya za betri, gunia la buuz, yaani madonge ya unga yenye nyama, yaliyogandishwa, zawadi za wazee. Kila mzigo uliowekwa juu ya zulia lile, Anujin aliuhisi kifuani mwake.

Wakati wa chakula alijaribu. "Baba, je, tukipata pancha kule nyikani..."

Bibi Dulmaa alijipiga paja. "Ebo! Safari haijaanza, wewe unaiitia mikosi?"

"Lakini Bibi..."

"Hakuna cha lakini! Kunywa chai yako."

Anujin akanyamaza, na tuseme ukweli, alifurahi kunyamazishwa. Mwiko wa wazee ulikuwa umempa pa kujificha. Hata hivyo usingizi ulimpaa.

Asubuhi gari lilikuwa likinguruma. Mama, aliyebaki kumtunza mtoto mchanga, alisimama nyuma na ndoo ya maziwa na kijiko kikubwa, tayari kuyarusha maziwa nyuma ya wasafiri ili kuwabariki njia. Bibi Dulmaa alikaa mbele katika joho lake jipya, akipapasa kitambaa cha buluu cha heshima alichomwekea kaka yake.

"Nitamkuta," bibi alinong'ona peke yake. "Nitamkuta tu."

Anujin alisikia. Akafungua mlango na kuruka nje.

"Mama, usirushe maziwa! Baba, tairi la spea ni bovu. Sikulipeleka kwa fundi. Nililiviringisha, likagonga nguzo. Nilikudanganya!"

Purev akazima injini. Katika baridi ile, mtu hazimi injini hivi hivi.

"Ungeniacha niondoke namna hiyo?" akauliza kwa sauti ya chini. "Na mama yangu ndani? Kuna mahali utaendesha nusu siku bila kuona moshi wa jiko hata moja!"

Anujin alilia, lakini hakuna aliyembembeleza. Mizigo yote ikashushwa kwenye theluji, naye akalivuta toroli mwenyewe mpaka kwa fundi, baba akimfuata.

Jambal aliitazama rimu, akatikisa kichwa. "Hii haina dawa. Iligongwa na treni?"

"Niliigongesha mimi," Anujin akasema.

Fundi alimwangalia, kisha akaenda kutoa spea ya gari lake mwenyewe. "Mimi siendi popote sikukuu hii. Lirudisheni zima. Na wewe, mashindano basi!"

Siku nzima ya kwanza baba hakumsemesha. Siku ya pili, katikati ya uwanda mtupu wenye upepo, tairi la nyuma likapasuka. Purev alifungua buti. Anujin alipiga magoti kando ya jeki, vidole vikimuuma kwa baridi. Baba akavua glavu zake, akamvalisha.

"Shika hapa," akasema. Kabla gari halijapoa ndani, walikuwa njiani tena.

Walimkuta mzee ameketi kitandani, amekonda, lakini macho yanaona. Bibi Dulmaa alitandaza kitambaa cha buluu mikononi, akaiweka mikono chini ya viwiko vya kaka yake kama mdogo anavyomwamkia mkubwa.

"Mmesafiri salama?" mzee akauliza.

Kwa desturi, swali hilo hujibiwa salama tu, hata uwe umefika umebebwa. Purev alianza kujibu, mama yake akamkatiza.

"Salama, kaka, kwa sababu mtoto huyu alisema kweli. Alichelewa, lakini alisema." Akamgeukia Anujin. "Mimi pia nilikosea kukufunga mdomo. Sikiliza, mjukuu wangu. Mwiko wetu unakataza kuita baya ambalo halipo. Baya ambalo tayari lipo, liseme kabla gari halijaondoka. Mficha maradhi kifo humuumbua."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Basi mleteni karibu huyo mwenye mdomo," akasema, akinyoosha mikono iliyokuwa ikitetemeka.

Anujin akasogea, akaiweka mikono yake chini ya viwiko vya mzee, akavishikilia.