Jumapili Kinanda Kiliponyamaza

"Sihaba, mwanamume anayenunua khanga akivishe kinanda, wewe atakuvisha nini?"

Bi Mwanamkuu, jirani yake wa kibanda, alimuuliza hivyo siku ileile Faraji, mpiga kinanda wa kanisani, alipokuja kununua khanga kwa Sihaba. Soko la Kibiti limefurika, watu wanasukumana, Faraji kasimama na shati lake jeupe lililonyooka kwa pasi.

"Khanga ya mke, kaka?" Sihaba aliuliza.

"Ya kinanda cha kanisani. Vumbi linakiua."

"Basi chukua yenye maua, kisije kikakununia."

Wakacheka. Mungu ndiye ajuaye mapenzi huingilia wapi. Mwaka ukapita kwa simu na "laazizi wangu." Lakini mzee Mwinjuma, baba yake Sihaba, alikuwa na neno moja tu: Faraji asilimu, la sivyo binti ataolewa na Mudathiri wa Maparoni, aliyekwisha kuleta posa.

"Nivumilie hadi Jumapili," Faraji alisema kwenye simu. "Kabla ya wimbo wa kwanza huwa napiga mwito kwa sauti ya tarumbeta. Ukiusikia, jua nakuja kwa baba, nasilimu. Usipousikia, nisamehe."

Jumapili Sihaba alisimama nje ya ukuta wa kanisa, kajifunika buibui. Waumini wakaanza kuimba kwa midomo mitupu. Hakuna mwito, hakuna kinanda. Akazima simu, akarudi nyumbani.

Adhuhuri baba akamuuliza, "Mudathiri umemridhia?"

Sihaba akanyamaza. Wazee waliokuwapo wakasoma Fatiha kuikubali posa.

Jumanne ndipo aliposikia sokoni kwamba asubuhi ya Jumapili umeme ulikatika Kibiti nzima, kinanda kikakosa kuwaka. Akakimbilia kanisani. Faraji alikuwa peke yake, anafanya mazoezi.

"Nimekupigia mpaka nimechoka! Huyo Mudathiri ulimkubali?"

"Sikusema kitu."

"Basi hukukubali!"

"Kwetu mwari akinyamaza ameridhia, Faraji. Lakini ndoa haijafungwa, naweza kumwambia baba. Wewe niambie kweli: umeme usingekatika, ungepiga ule mwito?"

 Faraji akakigeukia kinanda, akaanza mwito kwa sauti ya chini. Akaurefusha, akaupindua, akaupandisha. Kila ulipokaribia kwisha aliurudisha nyuma, kama mtu anayeogopa kufika. Mwisho ukamponyoka, ukaingia wenyewe kwenye wimbo, ule wa kumkabidhi Mungu maisha yote. Macho kayafumba, machozi yanamshuka, midomo inaimba. Usoni mwake kukatua utulivu ambao Sihaba hakuwahi kumwona nao.

Akamsikiliza hadi ubeti wa pili. Kisha akajitanda vizuri mtandio wake, akatoka, akarudi nyumbani bila neno la kumwambia baba.