Mpendwa Mteja

Foleni ya chakula cha mchana Mtaa wa Colon, jijini Cebu, ilikuwa imebanana. Lorelie, kwa pupa yake, akageuka ghafla na kummwagia siki ya kuchovea kijana aliyekuwa nyuma yake. Shati jeupe likaingia madoa.

"Dada, mimi si nyama choma."

"Samahani, kaka! Lakini nawe umenisogelea mno."

"Basi nisogelee na wewe, tuwe sare."

Aliitwa Nestor, akijibu barua za wateja katika kampuni ya mizigo. Lorelie alikuwa mwandishi wa programu. Mapenzi yao yakashika moto kama makumbi makavu. Nestor alipolalamika kuwa vidole vimechoka kuandika maneno yale yale, Lorelie akamwandikia programu ndogo iliyoongeza kitufe kipya kwenye menyu ya baruapepe yake. Ukichagua ujumbe na kukibonyeza, unajibiwa kwa adabu na kuondolewa mbele ya macho.

"Langga, mpenzi wangu, umeniokoa!" Nestor akambusu vidole kimoja kimoja.

Kisha Lorelie akaitwa kazini Singapore. Kumwambia uso kwa uso akashindwa, akamwandikia: "Niende, au nibaki tuoane?"

Jibu likaja kabla hajavuta pumzi: "Mpendwa mteja, tumepokea ujumbe wako. Tutaushughulikia kwa zamu."

Akadhani Nestor amembonyezea kitufe kile. Alicheka kwa hasira, kisha akalia. Nestor akipiga simu, hapokei. Akawa hatulii: anakunja nguo, anazikunjua, anachemsha kahawa, anaisahau jikoni.

Asubuhi moja akapigiwa na mama yake Nestor.

"Mwanangu, Nestor karukwa na akili? Namwandikia kuwa shangazi yake kalazwa, ananiita mpendwa mteja!"

Lorelie akaifungua programu yake. Kitufe hakikuchukua ujumbe uliochaguliwa peke yake. Kilizoa barua zote zilizokuwemo, kikazijibu na kuzificha. Kosa lilikuwa lake.

Akatoka mbio na gauni lake la kijani, mvua ikimpiga, hadi mlangoni pa kampuni ya mizigo. Nestor akashuka, uso umemvimba.

"Leo umenikumbuka? Nasikia kwa watu kuwa unahama!"

"Nilikuandikia. Hukuiona barua. Kitufe nilikiandika vibaya, kikamjibu kila mtu. Hata mama yako."

Nestor alitaka kucheka, kicheko kikakataa. "Uliniuliza nini?"

Akamwambia. Nestor akatazama magari yakipita majini.

"Nikisema baki, utabaki. Halafu utanichukia kila ndege ikipita juu. Nenda, langga."

"Na ndoa?"

"Nani kakwambia ndoa inafungiwa Cebu tu? Jumamosi twende kwa mama tukamwombe radhi. Na baraka."

Lorelie akamfuta maji usoni kwa kiganja.

"Jumamosi mbali," akasema. "Kaombe ruhusa kazini, twende sasa hivi."